Kompyuta ya mezani ya zamani imekataa RAM mpya: dalili, visababishi na marekebisho

Kompyuta nyingi za mezani zilizoko katika sayba za Kisumu, katika ofisi ndogo za Nakuru na katika maabara za shule kutoka Kakamega hadi Kisii zilitumika kwanza ng'ambo kabla ya kufika mikononi mwetu kwa jina la ex-UK. Nyingi zina prosesa ya Core 2 Duo au Core i ya kizazi cha 2 au cha 3, nazo huuzwa zikiwa na gigabaiti 2 au 4 za RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka kazi inazozifanya. Kiasi hicho kilitosha zilipoundwa, lakini leo mhudumu wa sayba akifungua iTax, eCitizen na tovuti ya KUCCPS ya kuombea nafasi za vyuo kwa pamoja, mashine huanza kusota huku foleni ikirefuka mlangoni. Hapo ndipo mwenye mashine huenda kununua RAM, na hapo ndipo matatizo yanayoelezwa hapa huanza.

Malalamiko ninayoletewa ni yaleyale kila mwezi, na mengi yana chanzo kimoja: RAM ilinunuliwa kabla ya mashine kusomwa. Kwa hiyo, kabla ya kukata shauri kwamba kipande cha RAM kimekufa au kwamba kompyuta imeharibika, fuata dalili uliyo nayo na uanze na ukaguzi usiogharimu chochote.

Kabla ya kufungua kasha

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme kabisa, kisha ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa takriban sekunde kumi ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa sehemu ya chuma ya kasha isiyopakwa rangi kabla ya kushika RAM, kwa sababu umeme tuli wa mwilini, ambao wewe huwezi hata kuuhisi, unaweza kuua chipu. Shika kipande kwenye kingo zake na usiguse pini za rangi ya dhahabu.

Ikiwa kasha linakupiga umeme mdogo unapoligusa likiwa limewashwa, usiendelee. Katika majengo mengi ya zamani, na hata katika vibanda vipya vilivyovutiwa umeme kutoka duka la jirani, waya wa ardhi haupo au umekatika. Mashine inayotumiwa bila waya wa ardhi ni hatari kwa mtu na kwa vipuri pia. Mwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, arekebishe soketi kwanza; habari ya RAM itangoja.

Vilevile usifungue pawasaplai, lile sanduku la chuma ambamo waya wa umeme huingia. Kapasita zilizo ndani yake huweza kuhifadhi umeme wa kudhuru hata baada ya waya kuchomolewa, na hakuna sehemu ya kuongeza RAM inayohitaji uifungue.

Dalili ya kwanza: kipande hakiingii kwenye sloti

Sababu ya kawaida ni kwamba umenunua kizazi cha RAM (DDR2, DDR3 au DDR4) kisicholingana na sloti, yaani tundu la RAM, la mashine yako. DDR2 na DDR3 za kompyuta ya mezani zote zina pini 240 na urefu sawa, ndiyo maana zinachanganywa sana kaunta, lakini pengo lililokatwa kati ya pini halipo mahali pamoja. DDR2 hutumia volti 1.8, DDR3 hutumia volti 1.5, na DDR4, yenye pini 288, hutumia volti 1.2. Pengo liliwekwa makusudi ili kukuzuia. Ukiona halilingani na kijino cha ndani ya sloti, geuza kipande upande wa pili ujaribu mara moja. Likikataa tena, acha. Nimepokea ubao mama, ule mafundi wengi wanaouita madabodi, ambao sloti yake ilipasuliwa na mtu aliyesukuma kwa nguvu za mkono wote, na ubao huo haukuwa na marekebisho yenye faida.

Sababu ya pili ni kununua RAM ya laptopu, ambayo ni fupi karibu nusu. Lakini baadhi ya kompyuta za mezani zilizo ndogo sana, zile zinazolingana na kitabu kinene, hutumia RAM hiyo fupi, kwa hiyo fungua kasha uone kwa macho yako kabla ya kwenda dukani.

Ikiwa pengo linalingana na bado kipande hakikai, huenda vishikizo vya pembeni havijafunguliwa. Vifungue vyote viwili, simamisha kipande wima, kisha bonyeza ncha zote mbili kwa vidole gumba mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe. Katika baadhi ya mbao kishikizo kimoja tu ndicho hufunguka, na upande wa pili huingizwa kwanza.

Dalili ya pili: mashine inalia au skrini inabaki nyeusi

Hili ndilo lalamiko la kila siku. Feni inazunguka, taa inawaka, lakini skrini haionyeshi chochote na pengine kuna milio inayojirudia. Sikiliza na uhesabu. Katika kompyuta nyingi za HP Compaq za miaka hiyo, milio mitano inayoandamana na taa nyekundu kumetameta mara tano humaanisha tatizo la RAM. Katika Dell OptiPlex nyingi, milio miwili humaanisha kwamba RAM haikuonekana kabisa. Idadi ikiwa tofauti, tafuta mwongozo wa modeli yako, kwa maana kila kampuni ina hesabu yake.

Anza kwa kutoa RAM yote na kurudisha kipande kile cha zamani peke yake, katika sloti ileile kilimokuwa. Mashine ikiwaka, umejua kwamba haijafa, na sasa unachunguza kipande kipya tu. Ikiwa haiwaki hata na cha zamani, toa na urudishe tena kwa uangalifu, kwa sababu kosa la kutokikaza vizuri hutokea kwa mafundi pia.

Kinachofuata ni uchafu. Sayba iliyo kando ya barabara ya vumbi hujaza sloti mchanga laini, na hewa ya ziwani huacha utando hafifu kwenye pini. Futa pini za kipande kwa raba safi ya penseli kwa wepesi, ukielekea upande mmoja, kisha uondoe mabaki kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholoweshwa isopropili kidogo. Sloti yenyewe ipulizwe kwa blowa au brashi laini iliyokauka. Usiipulize kwa mdomo, kwani mate ni maji, na usiingize sindano wala kisu ndani yake.

Pini zikiwa safi na kipande kipya bado kinakataliwa huku cha zamani kinakubaliwa, soma lebo ya kipande hicho. Hapa ndipo wengi hupoteza pesa, kwa hiyo naomba usome kwa utulivu. Lebo ya kawaida huandikwa hivi: 4GB 2Rx8 PC3-12800U. Herufi ya mwisho ina uzito mkubwa. U ni RAM ya kompyuta ya mezani. S ni ya laptopu. R ni ya seva, na kompyuta ya kawaida ya mezani haiwezi kuitumia hata kidogo. Balaa ni kwamba RAM ya DDR3 yenye herufi R huingia vizuri kabisa kwenye sloti ya DDR3 ya mezani, pengo likiwa mahali palepale, na huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu seva zilizoachwa ni nyingi. Hesabu chipu nyeusi za upande mmoja: zikiwa 9 badala ya 8, hiyo ni RAM yenye chipu ya ziada ya kukagua makosa, na unapaswa kumuuliza muuzaji kabla ya kutoa pesa.

Mwalimu mmoja kutoka upande wa Vihiga aliwahi kuniletea vipande kumi na viwili vya aina hiyo, alivyonunua kwa fedha za shule akiamini amepata nafuu. Vyote vilikuwa vizima, na hakuna hata kimoja ambacho kingefanya kazi katika maabara yake. Muuzaji alikataa kuvirudisha kwa hoja kwamba havina kasoro, na kwa kweli havikuwa na kasoro. Jambo hilo bado linaniuma, kwa kuwa kusoma herufi moja kwenye lebo kungeokoa fedha ambazo wazazi walizichanga kwa taabu.

Aina nyingine ya kukataliwa hutokana na ukubwa wa chipu zenyewe, nayo inawahusu hasa wenye mashine za Core 2 Duo zilizo na chipseti (chipu kuu ya ubao mama) ya Intel G41 na DDR3. Chipseti hiyo inakubali hadi gigabaiti 8, lakini haielewi chipu za gigabiti 4 (gigabiti, si gigabaiti). Maana yake ni kwamba kipande cha gigabaiti 4 kinachofaa ni kile chenye chipu 16, nane kila upande, ambacho lebo yake husema 2Rx8. Kipande cha gigabaiti 4 chenye chipu 8 upande mmoja tu, kilichoandikwa 1Rx8, kitaifanya mashine isiwake au ione nusu tu ya kiasi kilichomo. Kwa mashine za Core i kuanzia kizazi cha 2, zilizoanza kuuzwa mwaka wa 2011, aina zote mbili za gigabaiti 4 hukubaliwa. Uwe mwangalifu pia na vipande vya bei nafuu vinavyotangazwa kuwa ni vya AMD pekee: usivitie kwenye mashine ya Intel ukitarajia bahati.

Baada ya hayo yote, ukiwa bado na skrini nyeusi, toa betri ya mviringo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama kwa dakika tano, waya wa umeme ukiwa umechomolewa, kisha uirudishe. BIOS, programu ya ubao mama inayoanzisha mashine, hurudi kwenye mipangilio yake ya awali na mara nyingine husoma RAM upya. Ikiwa betri imechoka, na katika mashine za umri huu mara nyingi imechoka, weka mpya.

Acha kazi na umwite fundi ukiona kapasita zilizovimba juu au zinazovuja karibu na sloti, ukisikia harufu ya kuungua, au mashine ikiwa imekataa hata kwa kipande kinachojulikana kuwa kizima. Hali hizo hufuata mara nyingi baada ya radi, na wakazi wa Kisii na Kakamega hawahitaji kuelezwa radi ni nini. Mashine iliyopigwa ikiwa imechomekwa ukutani huenda imepoteza zaidi ya RAM.

Dalili ya tatu: mashine inawaka lakini inaonyesha RAM pungufu

Umetia gigabaiti 8, Windows inasema 3.2 ndiyo inayotumika. Chanzo cha kwanza na cha kawaida ni Windows ya biti 32, ambayo kwa matoleo ya kawaida haivuki gigabaiti 4, na sehemu ya hizo huchukuliwa na vifaa vingine. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause ili usome aina ya mfumo wako. Ukiona biti 32, dawa ni kuweka Windows ya biti 64. Prosesa zote za Core 2 Duo zinaimudu. Lakini huwezi kuipandisha juu ya ile ya zamani ukaacha mafaili mahali pake: diski husafishwa, kwa hiyo nakili kwanza kazi zote za wateja kwenye diski ya nje. Asiyewahi kuweka Windows asijifunzie kwenye mashine yenye rekodi za shule au za kanisa.

Ikiwa tayari ni biti 64, angalia toleo. Windows 7 Home Basic ya biti 64 huishia gigabaiti 8. Kisha fungua msconfig, programu ya mipangilio iliyomo ndani ya Windows, uende kwenye mipangilio ya kuwasha, na uhakikishe kwamba hakuna alama iliyowekwa kwenye kikomo cha juu cha RAM. Wako watu walioiweka alama hiyo wakidhani wanaongeza kasi, kumbe waliifunga mashine.

Kikomo cha ubao mama nacho huja hapa. Chipseti ya G31 huishia gigabaiti 4, G41 huishia 8, na H61 huishia 16 katika sloti mbili. Programu ya bure ya CPU-Z itakuonyesha jina la chipseti na, katika ukurasa wa SPD, aina ya kipande kilichomo katika kila sloti. Nakushauri uiendeshe kabla ya kununua chochote na uandike majibu kwenye karatasi utakayokwenda nayo dukani. Upungufu wa megabaiti mia chache tu si ugonjwa. Hiyo ni sehemu ambayo chipu ya picha iliyojengewa ndani ya mashine imejitengea.

Kama kipande kizima hakionekani hata ndani ya BIOS, kibadilishe sloti. Kikionekana kwingine, sloti ya kwanza ndiyo mbovu au ina uchafu. Ikiwa zaidi ya sloti moja imekufa katika mashine ya Core i, kuna uwezekano kwamba pini za soketi ya prosesa zimepinda au kipoza joto kimekazwa upande mmoja kuliko mwingine, kwa sababu katika mashine hizo prosesa yenyewe ndiyo inayozungumza na RAM. Unaweza kulegeza skrubu za kipoza na kuzikaza upya kwa usawa, kwa mtindo wa msalaba, ikiwa una pesti mpya ya joto ya kupaka. Usiguse pini za soketi. Ni nyembamba kuliko uzi, na mtu anayezinyoosha anahitaji darubini na mkono uliozoea.

Dalili ya nne: mashine inaganda, inajizima au inatoa skrini ya bluu

Kompyuta inawaka, RAM yote inaonekana, lakini baada ya dakika ishirini inaganda katikati ya kazi ya mteja, au inatoa skrini ya bluu yenye maneno kama MEMORY_MANAGEMENT. Mara nyingi vipande viwili havipatani. Kasi zikitofautiana, kwa mfano PC3-10600 na PC3-12800, kwa kawaida vyote hukimbia kwa kasi ya kile cha polepole na hakuna madhara. Lakini tofauti za ndani zaidi, za muda ambao kila kipande huchukua kujibu, huweza kuyumbisha ubao wa zamani. Jaribu siku nzima na kipande kimoja tu, kisha siku nyingine na kile kingine. Mashine ikitulia na kila kimoja peke yake, tatizo ni ndoa yao, na dawa ni kutafuta vipande viwili vya lebo moja.

Ikiwa kipande kimoja peke yake kinaleta fujo, kipime. Windows ina kipimo chake, ambacho hufunguliwa kwa kuandika mdsched, na kipo kingine cha Memtest86+ kinachowashwa kutoka kwenye flashi. Mimi hupendelea hicho cha pili na hukiacha usiku kucha, kwa kuwa kipande chenye ugonjwa mdogo huweza kupita duru ya kwanza na kuanguka katika ya nne. Tumia UPS, kile kifaa cha betri cha kushikilia umeme, vinginevyo stima ikipotea saa tisa usiku utaanza upya. Kosa hata moja linatosha: rudisha kipande hicho kwa muuzaji wakati risiti yako ingali na nguvu. Kabla ya kukilaumu, hata hivyo, kipime katika sloti ya pili, maana sloti mbovu hukisingizia kipande kizima.

Kipande kikifaulu na mashine bado inajizima, chunguza joto na umeme. Feni ya prosesa iliyozibwa na vumbi huzima kompyuta kwa namna inayofanana kabisa na RAM mbovu, na pawasaplai iliyozeeka hushindwa pale tu kazi inapokuwa nzito. Kusafisha feni unaweza wewe mwenyewe. Kubadilisha pawasaplai mwachie fundi ikiwa hujawahi, hasa katika mashine za HP na Dell ambazo baadhi yake zina plagi zisizolingana na za dukani.

Dalili ya tano: RAM imekubaliwa lakini mashine bado ni nzito

Fungua orodha ya kazi kwa Ctrl, Shift na Esc, utazame RAM na diski wakati kazi zako za kawaida zinaendelea. RAM ikiwa nusu tupu huku diski imesimama kwenye asilimia 100, hukuwa na upungufu wa RAM. Diski ya kuzunguka ya miaka kumi ndiyo inayokuchelewesha, na SSD (diski isiyozunguka) ndogo ya gigabaiti 120 au 240 itakupa nafuu ambayo RAM haiwezi kukupa. Kwa sayba ya kawaida, naona gigabaiti 8 pamoja na SSD ni mahali pazuri pa kusimama.

Mwenye mashine ya DDR2 namshauri tofauti. Vipande vya gigabaiti 4 vya DDR2 ni adimu na bei yake huwa juu, na mbao nyingi za wakati huo hazivikubali. Ongeza hadi gigabaiti 4 kwa vipande viwili vya gigabaiti 2 ukivipata vya mtumba kwa bei nafuu, uitumie kompyuta hiyo kwa kuchapa na kuprinti, na fedha zilizobaki uzielekeze kwenye mashine ya Core i ya kizazi cha 3 au zaidi. Ukienda kuinunua, mwombe muuzaji akufungulie kasha hapohapo, uhesabu sloti na usome lebo ya RAM iliyomo.